Bahari Upande wa Kuume

Ukitaka kumjua mtu wa Naviundu usimuulize jirani yake. Jirani ataficha, maana kesho atahitaji chumvi. Muulize mtani wake, ambaye kazi yake ni kumvua nguo mbele za watu. Mimi Mwaba ni wa ukoo wa Chui, na Aristote Kangwa ni wa ukoo wa Mbuzi. Tangu babu zetu walipofika hapa Lubumbashi kuchimba shaba, na hata kabla ya hapo, Chui na Mbuzi ni watani. Chui anaweza kuingia kwa Mbuzi akabeba kuku mchana kweupe. Mbuzi anaweza kuja msibani kwangu akalalia jeneza langu akisema nimekufa kwa ulafi, na watoto wangu watapaswa kucheka. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Sheria ni hiyo moja tu, na mimi niliivuta mpaka ikakatika.

Aristote alizaliwa kambi ya reli. Baba yake, fundi wa breki za mabehewa, alilisikia jina hilo kwa mkubwa wake wa kazi akaona lina uzito, akambandika mtoto. Mzee huyo alisafiri mara moja na treni ya mizigo hadi Lobito, mwisho wa reli, na maisha yake yote aliyobakiza aliyatumia kuisimulia bahari. Alisema reli inafika kwenye maji halafu inakosa la kufanya. Aristote alikua na maneno hayo. Mwaka 1987, akiwa kijana, parokia ilifanya mashindano ya baisikeli hadi Kipushi na kurudi, akatoka wa pili. Wa kwanza alikuwa na baisikeli yenye gia. Hilo la gia Aristote atakueleza hata kama hukuuliza.

Kisha reli ikaacha kulipa watu, baba akafa, na Aristote akaigeuza ile baisikeli ya mashindano kuwa punda. Kwa miaka ishirini na sita amebeba makala, makaa ya kupikia, kutoka misitu iliyo mbele ya Kinsevere. Magunia manne, mawili nyuma na mawili pembeni, na fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani ili aweze kuisukuma na kuiongoza akiwa anatembea kando yake. Malori ya madini yanampita na kumwagia vumbi jekundu. Goti la kushoto linalia kila akikunja. Mapafu yake sitaki kuyasema. Mtu huyu alitaka jambo moja tu duniani: kuteremka mlima kwa baisikeli isiyo na mzigo hadi magurudumu yaguse bahari. Alinieleza mimi, mtani wake. Kuna watu hawajui mahali pa kuweka siri.

Mimi nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na daraja. Naandika maombi ya kazi, barua za posa, malalamiko kwa wenye nyumba. Nina mihuri ya kila aina, na mingine afadhali nisiseme niliipata wapi. Ukutani niliweka kalenda ya zamani yenye picha ya barabara nyembamba inayokata mlima, na chini yake maji ya buluu mpaka mwisho wa macho. Siku moja Aristote alikuja kutoa nakala ya kadi ya uchaguzi, akaiona.

"Hii fasi iko wapi?"

"Corse. Kisiwa ya Bafaransa."

"Na ile barabara, inashuka mpaka mu maji?"

"Njo vile unaona."

Akasimama pale mpaka wateja wawili wakamzunguka kupata huduma. Chui gani ataona mbuzi amesimama vile akapita zake? Jioni hiyo hiyo nilichapa barua.

Niliiandika kwa Kifaransa kizuri, najisifu. Klabu ya Wazee wa Baisikeli wa Corse inamwalika Bwana Kangwa Aristote, mshindi wa pili wa Kipushi, kuja mwezi wa Julai kwa safari ya siku nane, pwani na milimani. Tiketi ni juu ya klabu. Na kwa kuwa Bwana Kangwa ni mjuzi wa kupanda milima na mizigo, klabu inamwomba apange yeye safari yote, siku kwa siku. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Sikutaka tu aamini, nilitaka afanye kazi.

Mtani mjanja hafanyi mchezo peke yake. Nilimwendea Alexis, katekista wetu, mtu anayeaminiwa hata na mbwa, akakubali kusema kwamba barua ilipitia parokiani. Nilimwendea Yasmine, mke wa Rachid muuza vitambaa, ambaye anaweza kuigiza sauti ya mwanamke wa Kizungu hadi ukasikia harufu ya manukato. Akampigia Aristote simu mara mbili: "Allô, Monsieur Kangwa?" Mpwa wangu Merdi, anayesoma chuo pale Kasapa, alinitafutia ramani ya kisiwa kwenye intaneti. Na Aristote alipouliza mara moja, mara moja tu, kama huu si utani, niliapa kwa kaburi la mama yangu. Watani huapa hivyo. Yeye pia anajua. Lakini mtu anayetaka kitu sana husahau hata mila yake.

Alianza na pasipoti. Sitasema aliuza nini, ila nyumba yao ilipungua vitu viwili vikubwa, na Régine mke wake hakunung'unika. Régine ni wa kaskazini, Mluba wa Kabalo, mwimbaji wa kwaya. Alichukua kitambaa cha manjano cha kwaya akamshonea mumewe jezi ya mwendesha baisikeli, na mifuko mitatu mgongoni kama alivyoona kwenye televisheni.

Kisha Aristote akapanga safari. Ramani nilimchapia kwenye karatasi nne, akaziunganisha kwa gundi ya bukari, yaani ugali wetu. Alipima barabara kwa kijiti cha kiberiti, kijiti kimoja sawa na njia ya kutoka Kinsevere hadi mto wa kwanza. Kwanza aliandika: "Julai, baridi kali, tuchukue makoti," kwa sababu kwetu Julai asubuhi unaona pumzi yako. Alexis akamwambia kule ni kinyume, Julai ni joto la kuua. Basi akafuta kila kitu akaanza upya, na safari hii alipanga kama wabeba makala wanavyopanga, yaani kwa kivuli.

Nilikuwa nakwenda kwake kila Jumapili kumchochea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, daftari gotini, kalamu sikioni.

"Angalia, Mwana-Chui. Bastia iko huku, upande jua inatokea. Kama tunapita huku asubuhi, jua itatupiga mu macho. Donc siku ya kwanza tunatoka saa kumi ya mangaribi, mulima inakuwa imekwisha kufunika barabara. Tunalala huku ku ncha ya kisiwa. Asubuhi tunashuka upande ingine, na mulima inatufichia jua mpaka saa ine."

"Na kisha?"

"Kisha tunashuka vile vile mpaka Calvi, mpaka Porto. Kila siku asubuhi mu kivuli. Na unaona? Huko magari inapita kuume sawa huku kwetu. Bahari itakuwa upande wa kuume siku zote. Hakuna gari itatutenga na maji."

Kutoka Porto alipanga kupanda mlima mkubwa, ule wa Vergio, kwa siku mbili. Wazungu, alisema, hawajui kusukuma baisikeli, wanaona aibu kushuka, ndiyo maana magoti yao yanakufa. Aliandika mahali pa kushuka na kusukuma, mahali pa kunywa maji, mahali pa kumngoja mzee atakayechoka. Halafu Corte, halafu mteremko wa mwisho hadi baharini. Siku ya nane aliandika neno moja tu: "Kunawa."

Nilimwambia Merdi apige picha kurasa zote. Tulizicheka kibandani hadi machozi. Mbeba makala wa Naviundu anawapangia Wazungu kivuli!

Mwezi wa tatu nikaona utani umeiva. Jumapili baada ya misa, uwanjani pa parokia, watu walikusanyika kumuaga Aristote mapema, eti klabu imeleta barua ya mwisho. Alikuja amevaa jezi ya manjano, baisikeli imeoshwa, haina mzigo, hata fimbo ameifungua. Alexis akapanda kwenye ngazi akasoma kwa sauti ya Injili:

"Ndugu Kangwa, tutakutambua bandarini kwa pembe zako na ndevu zako. Leta majani ya kula njiani, maana huku hatulishi mbuzi. Wako katika utani, Rais wa Klabu, Mwana-Chui Mwaba."

Uwanja ukapasuka. Wanawake walijishika mbavu. Kuna mtu alilia "Mee!" na wengine wakaitikia, "Mee! Mee!" Aristote alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Alinitazama, kisha akacheka. Alicheka polepole, kisha kwa nguvu, akaja akanishika mkono mbele ya wote. "Umenipata, Mwana-Chui. Umenipata vraiment." Sheria ni sheria. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na sioni faida ya kuficha.

Régine hakucheka. Alikuja mpaka puani mwangu.

"Kwetu pia kuko butani," alisema. "Lakini inaishiaka ku mulango. Weye uliingia mpaka mu tumbo ya muntu."

Mila yetu inasema aliyetaniwa ana haki ya kulipiza. Nikangoja. Nilifunga bata wangu mnono nje kwa makusudi ili Aristote aje ambebe. Wiki ikapita, mwezi ukapita, bata akazidi kunona. Aristote alirudi kwenye makala, alipita mbele ya kibanda na magunia yake, akanisalimia vizuri, "Jambo, Mwaba." Hakuniita Mwana-Chui. Mtani asiyelipiza si mtani tena, ni mtu uliyemkosea tu, na mimi nilianza kulala vibaya.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyocheza. Merdi, kwa ujinga wa vijana, alikuwa ameziweka zile picha za daftari kwenye ukurasa mmoja wa intaneti wa wapenda baisikeli wa kisiwa kile kile, akiwa ameandika: "Safari ya kisiwa chenu kama alivyoipanga mbeba makala wa Kongo." Alitaka waungane nasi kucheka. Hawakucheka. Mwanamke mmoja, Madame Odile, mwalimu mstaafu anayeongoza kikundi cha wazee wanane wanaoendesha baisikeli kila Julai, alijibu kwa ukurasa mzima. Miaka kumi na mitano, alisema, tumezunguka kisiwa chetu tukichomwa na jua kama samaki, na hakuna aliyewahi kufikiri kuanza safari saa kumi za jioni. Huyu bwana ni nani? Anaweza kuja?

Merdi alimpa anwani yangu, na katikati ya mwezi wa nne barua halisi iliingia kwenye kompyuta yangu. Mwaliko wenye muhuri wa ofisi ya mji wao. Tiketi juu yao. Walihitaji nakala ya pasipoti na sahihi yake kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa tano, kisha aende mwenyewe kuweka alama za vidole kwa ajili ya viza. Niliisoma mara tano. Ilikuwa barua yangu mwenyewe, neno kwa neno karibu, ila hii ilikuwa kweli.

Nikakimbia. Nilimkuta Aristote uani akifunga magunia kwa kamba za mpira.

"Aristote, banakuita. Safari hii iko ya kweli. Angalia."

Akaichukua karatasi, akaitazama, akaanza kutabasamu kabla sijamaliza.

"Mwaba, umeongeza hata muhuri. Iko muzuri."

"Naapa, Aristote! Kwa kaburi ya mama yangu!"

"Hata ile siku ulimuapa. Mama yako anachoka."

"Muulize Merdi."

"Njo ule alipiga picha."

"Muulize katekista."

"Njo ule alisoma." Akavuta kamba, akafunga fundo. "Siko na hasira, sikia. Mais acha nifunge makala. Njia iko murefu."

Kila mtu ambaye angeaminika nilikuwa nimekwisha kumtumia. Alexis alikwenda kwake akiwa na msalaba mkononi, akaambiwa kwa upole arudi kanisani. Nikamwandikia Madame Odile apige simu. Akapiga, siku ya Jumamosi mchana, kwenye simu yangu, nami nikakimbia nayo hadi barabarani nilikomkuta Aristote anapumzika kando ya baisikeli. Mtandao ulikataa picha, ikaja sauti tu.

"Allô, Monsieur Kangwa?"

Aristote alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama mtu anayesifu kazi nzuri. "Bonjour, Yasmine," alisema. "Salimia Rachid." Akanirudishia simu, akainua baisikeli.

"Yasmine ni nani?" yule mama aliniuliza kwa Kifaransa.

Nilifikiri kughushi. Mimi niliyetengeneza barua ya uongo, nashindwaje kutengeneza jibu la kweli? Sahihi yake naiweza. Lakini vidole siviwezi, na namba ya pasipoti sikuwa nayo. Zilipobaki siku tatu, nilikwenda kwa Régine akiwa peke yake. Nilipiga magoti, mimi mtu mzima, kwenye maganda ya maharage. Nilimwambia kila kitu, na nikamwomba pasipoti tu, dakika kumi, nitoe nakala.

Akaingia ndani, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa. Alitoka nayo mkononi, kitabu kidogo kipya ambacho hakijawahi kupigwa muhuri hata mmoja. Mbabula, jiko la makala, ilikuwa inawaka mlangoni, sufuria ya maji ya bukari juu yake. Aliinua sufuria kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaiweka pasipoti juu ya makala.

"Régine!"

"Sasa cheza na nini tena?" alisema. "Nililia mara moja. Sitalia mara mbili juu yako, Mwaba."

Jalada lilijikunja polepole. Nilitia mkono nikaungua vidole viwili, nikatoa kipande chenye picha ya Aristote hadi mabegani. Régine akarudisha sufuria juu ya moto, akachota unga, akasema Aristote akirudi atamweleza mwenyewe.

Niliandika Corse kwamba Bwana Kangwa anaumwa. Uongo mwingine, lakini huo ulikuwa mdogo. Julai ikaja, baridi na vumbi, moshi wa majani yanayochomwa umeinamia mji. Kila asubuhi nilikuwa najua, kwa kufuata daftari la Aristote, Wazee wale wako wapi. Leo wanalala kwenye ncha. Leo wako Calvi. Leo wanasukuma baisikeli kupanda Vergio. Aristote alikuwa njia ya Kinsevere na magunia manne, akikohoa.

Mwezi wa tisa kifurushi kikafika parokiani, jina la Aristote juu, kupitia kwangu. Ndani, maana nilikifungua, mimi ni nani nisifungue, kulikuwa na jezi ya buluu yenye jina KANGWA mgongoni, na picha moja. Wazee wanane wa Kizungu na baisikeli zao, bahari nyuma yao, wameshika kitambaa kilichoandikwa: "Merci, Monsieur Kangwa." Na kikaratasi: tulipita ulivyopanga, kila asubuhi kivulini, hakuna aliyeumia.

Sasa hapa nijihukumu mwenyewe kabla hujanihukumu. Ningeweza kukichoma. Safari ilikwisha, pasipoti ilikwisha, na furaha gani ilikuwa imebaki ndani ya kile kifurushi? Lakini nilikipeleka. Sikukipeleka kwa ajili ya Aristote. Miezi mitano nilikuwa nimesema kweli na watu wakanicheka, na nilitaka mtu mmoja aniangalie aseme: kumbe Mwaba hakudanganya. Nilitaka kuaminiwa. Sikufikiria kitu kingine hata kidogo.

Aristote alikuwa anaziba mpira wa gurudumu. Régine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Niliweka jezi gotini kwa Aristote, nikaweka picha juu yake, na bahasha ya kifurushi kando.

Aliitazama picha. Akachukua bahasha akaigeuza, akaweka kidole gumba juu ya stempu na ule muhuri wa posta, akakisugua pale taratibu. Muhuri ule siwezi kuutengeneza, na yeye anajua mihuri yangu yote. Nikaona uso wake unaelewa. Macho yalikwenda mbali kidogo, yakarudi. Ndiyo, nilipata nilichokuja kutafuta. Aliniamini.

Régine aliacha kutwanga. Alikuja akachukua picha, akasoma kile kitambaa kwa kusogeza midomo.

"Hii inatoka wapi?" aliuliza. "Bantu hawa, njo ba mu ile barua? Donc ile barua..." Akageuza shingo kuitazama mbabula pale mlangoni.

Aristote akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Halafu akaangua kicheko. Alicheka kwa sauti ya uwanja mzima, akajipiga paja.

"Eh! Mwana-Chui! Uko mubaya, weye! Umeshonesha hata mupira ya kuvaa! Régine, ona, ameshonesha na jina yangu!" Alikuwa ananikazia macho, na macho hayakuwa yanacheka. "Sema kweli leo. Fundi gani alikushonea? Iko Asani wa ku soko, ao nani?"

Nilifungua mdomo. Neno la kweli lilikuwa pale pale kwenye ulimi, na ushahidi ulikuwa gotini mwake. Régine alikuwa amesimama katikati yetu na ile picha, ananingoja mimi, kama nitasema alichokichoma kilikuwa nini.

"Njo yee," nilisema. "Asani."

"Na Bazungu?"

"Merdi. Alibatosha mu kompyuta."

Régine akaachia pumzi. Akaitupa picha miguuni pangu, akanitemea mate karibu na kiatu. "Mungu atakulipa, Mwaba. Hauna na haya." Akarudi kwenye kinu, na mchi ukaanza kushuka kwa hasira, sombe ikaruka nje. Mtu mwenye hasira analala usiku, mwenye majuto halali. Aristote alijua hivyo, na nadhani ndiyo maana alicheka.

Alinisindikiza hadi barabarani, kama mila inavyotaka. Tulisimama. Kwanza alikohoa, akangoja kikohozi kipite.

"Bahari ilikuwa upande wa kuume?"

"Kuume. Siku zote."

"Na kivuli?"

"Mpaka saa ine. Bantu bote."

"Muzuri." Akageuka kuangalia nyumbani. "Régine asijue. Hata nikikufa, Mwana-Chui. Siku ya matanga yangu njo weye utasimama kusema mambo yangu. Hii hutasema."

Nilimwambia hata nikisema, nani ataniamini. Akasema ndiyo, hilo ni zuri.

Kesho yake alipita mbele ya kibanda changu na magunia manne, fimbo mkononi, amevaa jezi ya buluu. Vumbi lilikuwa bado halijaifikia. Wateja wangu walisoma jina lile mgongoni, wakakumbuka habari yote, wakaanza kucheka tena. Mmoja wao akanishika bega akasema hajapata kuona mtani kama mimi hapa Lubumbashi, na wote wakanipigia makofi.